Barua ya wazi kwa Meya: msimlipe mkandarasi kabla hatujapita sisi

Mheshimiwa Meya,

Barua hii ningeileta mwenyewe ofisini kwako, lakini masjala yenu iko ghorofani na lifti hufanya kazi siku inayojisikia. Nimeona ipite hadharani, huenda ikakufikia mapema zaidi.

Naanza na shukrani, na si za kinafiki. Jengo jipya la huduma kwa wananchi limejengewa njia ya mteremko kwa ajili yetu tunaotumia viti vya magurudumu. Siku ya uzinduzi picha yake ilibandikwa kwenye bango. Shida ni kwamba aliyeichora hakuwahi kuipanda. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni hii: kila sentimita 1 ya kupanda inataka njia yenye urefu wa sentimita 12 au zaidi. Mlango wa jengo uko juu ya vidato vitatu, kila kimoja sentimita 15, jumla 45. Kwa hesabu hiyo njia ilitakiwa iwe na mita 5 na sentimita 40, mbali na sehemu tambarare za kugeuzia kiti juu na chini. Iliyojengwa haifiki hata mita 2. Ukiipanda peke yako, magurudumu ya mbele yanaachana na sakafu na kiti kinataka kukupindua chali. Ukishuka, breki ni viganja vyako. Na pale juu mlango unafungukia nje, kwa hiyo ukiuvuta inabidi urudi nyuma, na nyuma yako ndiko kwenye mteremko. Mlinzi wa pale ni kijana mwema, akiniona tu huja mbio kunisukuma. Sasa kama ni lazima nisukumwe, bora mngemwongeza yeye mshahara mkaiacha ile saruji.

Tuseme nimeingia. Dirisha la huduma liko juu ya kichwa changu, afisa anasikia sauti bila kumwona mwenye sauti. Fomu naijazia mapajani. Choo chenye alama ya kiti cha magurudumu kipo kweli, kina nafasi nzuri na vyuma vya kushikilia, ila kimejaa ndoo, mafagio na viti vibovu, na ufunguo anao mtu ambaye kila siku "ametoka kidogo". Jambo hili naomba usilipite haraka, Mheshimiwa. Mtu asiye na uhakika wa choo hanywi maji tangu asubuhi. Wapo wenzetu wanaopata madhara ya figo na kibofu kwa kujizuia namna hiyo, na wapo wanaoamua kutokwenda kabisa kufuata huduma ambayo ni haki yao.

Mwenzangu ambaye ni kiziwi yeye hapati taabu mlangoni. Taabu yake ni foleni. Namba huitwa kwa mdomo, naye hukaa akikodolea nyuso za watu, akiona kichwa kimegeuka anakisia kwamba namba yake imepita. Ukutani ipo televisheni kubwa, inaonyesha hotuba za viongozi kutwa nzima bila maandishi wala mkalimani wa lugha ya alama. Televisheni hiyohiyo ingeweza kuonyesha namba.

Nje, kwenye barabara mliyoikarabati, mmeweka vigae vya mguso kwa ajili ya wasioona. Hapa ndipo ninapopata hasira hasa, maana fedha zimetumika na kazi imeharibika kwa kutouliza swali moja tu. Vigae hivi alivibuni Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, na vya kwanza viliwekwa katika mji wa Okayama mwaka 1967. Kuvisoma hakuna ugumu: mistari mirefu maana yake endelea kuelekea huku, vinundu vya mviringo maana yake simama, kuna kivuko, ngazi au njia panda. Mtu husoma kwa fimbo nyeupe na kwa unyayo wa kiatu. Fundi wetu amevipanga kwa urembo. Vinundu vimetapakaa katikati ya njia pasipo na hatari yoyote, na pale kwenye ukingo wa barabara, penye magari, imewekwa mistari. Kwa anayejua kuvisoma, alama hiyo inamwambia asonge mbele kwenye magari. Sehemu nyingine mstari unakwenda vizuri tu mpaka kwenye nguzo ya umeme, ukaishia hapo.

Nimesikia maelezo ya ofisi yako kwamba bajeti ni finyu na kwamba watu wenye ulemavu ni wachache. La uchache, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2022 iliyokadiria watu bilioni 1.3 wenye ulemavu mkubwa, yaani takriban mtu 1 katika kila 6 duniani. Hamtuoni mitaani kwa sababu mitaa haipitiki. La bajeti nakubali kwamba ni finyu, na ndiyo maana nashangaa tunajenga vitu ambavyo itabidi vibomolewe. Njia fupi ile na ndefu inayotakiwa zinatofautiana kwa saruji, mchanga na usumbufu wa kuchora upya kabla ya kuanza. Ukishajenga, gharama inakuwa ya kubomoa, kuondoa kifusi na kujenga mara ya pili.

Wala sheria hazijakosekana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006, ukaanza kutumika tarehe 3 Mei 2008, na karibu nchi zote duniani zimeshauridhia. Ibara ya 9 inataja majengo, barabara, usafiri, habari na mawasiliano. Ibara ya 4 inazitaka serikali zishauriane kwa karibu na watu wenye ulemavu wenyewe, kupitia vyama vyao, katika maamuzi yanayowahusu.

Hilo la pili ndilo ambalo halijafanyika hapa kwetu. Mhandisi anakagua mchoro, mkaguzi wa hesabu anakagua stakabadhi, diwani anakagua kama jina lake limeandikwa sawasawa kwenye jiwe la msingi. Sisi tunaitwa siku ya utepe. Tunapewa fulana, tunapangwa mbele ya kamera, tunapiga makofi, kisha tunabebwa kurudi chini. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, Mheshimiwa, na wanaokilala hiki wapo, mnao namba zao za simu. Ndizo mnazotumia kuwaalika kwenye uzinduzi.

Ombi langu kubwa ni moja. Mikataba ya ujenzi kwa kawaida humwachia mwenye mradi sehemu ya malipo ya mkandarasi mpaka kasoro zirekebishwe. Agiza kwamba fungu hilo lisitoke kwa mradi wowote wa jiji kabla watu wenye ulemavu hawajaupita na kutia saini. Awepo anayetumia kiti, asiyeona, kiziwi, mwenye ulemavu wa akili pamoja na msaidizi wake. Wasipelekwe kwa gari mpaka mlangoni. Waanzie kituo cha basi, wavuke barabara, waingie, wachukue namba, wahudumiwe dirishani, waende chooni, warudi kituoni, kwa sababu safari yote inakufa pale kipande kimoja kinapokatika. Palipokwama paandikwe, mkandarasi aparekebishe kwa fedha ambazo bado mnazo mkononi. Na wanaofanya kazi hiyo walipwe kama mnavyomlipa mshauri mwingine yeyote. Nauli na soda tumezipokea vya kutosha.

Haya mengine hayahitaji hata kikao. Choo kifunguliwe na mafagio yatafutiwe pengine. Namba zioneshwe kwenye televisheni na ziitwe kwa sauti pia, maana asiyeona naye yumo kwenye foleni. Dirisha moja lishushwe. Pikipiki zinazoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu ziondolewe. Fomu mnazopandisha kwenye tovuti zisiwe picha za karatasi zilizopigwa mhuri, kwani programu zinazowasomea wasioona haziwezi kusoma picha. Ziwekeni kama maandishi. Barua za jiji ziandikwe pia kwa lugha nyepesi. Hilo nina hakika litawafurahisha hata wasio na ulemavu wowote, maana barua zenu za kodi, samahani, hazieleweki kwa mtu yeyote.

Kuna mambo ambayo yatachukua miaka, na hatutakudai yaishe kesho. Usafiri ni mojawapo. Mji wa Curitiba nchini Brazil ulianza mwaka 1991 kutumia vituo vya basi ambavyo sakafu yake iko usawa mmoja na sakafu ya basi, abiria anaingia bila kupanda kidato. Mwenye kiti anapita, mwenye magongo anapita, mama mwenye mtoto mgongoni anapita, na basi linaondoka haraka kwa sababu hakuna anayekwama mlangoni. Lakini hata kituo kizuri kiasi gani kinamtegemea dereva. Akisimamisha basi nusu mita kutoka ukingoni, kwangu mimi ni sawa na kusimama mtaa wa pili. Kwa hiyo mtakapopanga bajeti ya vituo, pangeni na ya kuwafunza madereva.

Tarehe 12 Machi 1990, mjini Washington, watu wenye ulemavu waliacha viti na magongo yao chini wakatambaa kwenye ngazi za jengo la Bunge la Marekani, ili wabunge waone kwa macho yao. Sheria waliyokuwa wakiidai ilisainiwa Julai mwaka huohuo. Sisi tungependa kuanza na barua.

Kwa mujibu wa tangazo lenu, kituo kikuu kipya cha mabasi kitakabidhiwa hivi karibuni. Hicho ndicho cha kuanza nacho. Vyama vya watu wenye ulemavu vya jiji vina watu walio tayari kukipita siku yoyote ya kazi, mradi tujulishwe mapema ili mkalimani wa lugha ya alama apatikane. Tunachohitaji kutoka kwako ni maelekezo ya maandishi kwa mhandisi wa jiji, yenye tarehe ya ukaguzi, kabla hajasaini hati ya makabidhiano.

Wako,
Mkazi na mlipa kodi wa jiji, mtumiaji wa kiti cha magurudumu

Nakala: Mhandisi wa Jiji, madiwani wote