Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mnara wa Taa wa Chumbe

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja alisimama akaniuliza: "Mwenyekiti, hivi tunalipa ada kwa ajili ya mnara ambao hatuupandi?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, maana jibu sikuwa nalo. Nimekaa na swali lile mwaka mzima.

Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya mji wa Zanzibar, hakiendewi kama kisiwa cha Changuu, kwamba ukipata boti na nauli umefika. Tangu mwaka 1994, Serikali ilipoutangaza mwamba wa upande wa magharibi na msitu wa kisiwa kuwa hifadhi, kuvua ni marufuku, kutia nanga juu ya matumbawe ni marufuku, na idadi ya watu kwa siku ina kikomo. Wageni wanaolala kisiwani ndio wanaotangulizwa. Sisi wa kwenda na kurudi tunapata nafasi iliyobaki, kama imebaki.

Tulipanga safari mbili, ikafanyika moja. Ya kwanza tulizuiwa na upepo wa kusi. Tulikaa pwani ya Mbweni tangu asubuhi na vikapu vyetu, nahodha akaitazama bahari mara moja tu akasema leo hatoki. Kuna walionung'unika, lakini mimi nahodha anayekataa namwamini kuliko anayekubali.

Ya pili kosa lilikuwa langu, naomba radhi mbele yenu. Siku niliichagua bila ya kutazama jedwali la maji. Tukafika bamvua, maji yamekupwa, boti ikasimama mbali na wazee wakateremka na viatu mkononi. Mmoja alikatwa na jiwe kisiginoni, na katibu wetu akamfunga kwa mtandio wake. Mtandio huo chama kitaulipa.

Mnara wenyewe una ngazi zaidi ya 130. Mtoto wa skuli tuliyemchukua alizihesabu kwa sauti, akapotea njiani, ikabidi aanze upya wakati wa kushuka. Nusu yetu tulibaki chini, kwenye kivuli cha nyumba ya zamani ya mlinzi wa taa na msikiti mdogo uliojengwa kwa ajili ya walinzi. Waliofika juu waliona Unguja upande mmoja, na upande wa pili njia ya meli za Dar es Salaam. Mkono ukishika chuma kule juu unarudi na chumvi.

Kwa wanachama wapya: mnara ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, wakati wa Sayyid Ali bin Hamoud. Mwaka 1926 ukafungwa taa ya gesi ya asetilini ya AGA, kampuni ya Uswidi. Mtu wa AGA alikuwa Gustaf Dalén, aliyebuni kifaa cha kuikata gesi na kuiachia ili taa ipepese yenyewe, pamoja na vali inayoendeshwa na jua. Vali hiyo ina kijiti cheusi ambacho kikipata mwanga hupata joto, kikarefuka na kuifunga gesi. Jua likizama, kinanywea na gesi inapita tena. Siyo karabai ya kupigia pampu! Mwaka 1912 mripuko ulimpofusha macho yote mawili, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kila nikisimulia habari hii wazee hunyamaza kidogo.

Sasa jambo lililotugawa. Baadhi yenu mlitaka tuchangishane mifuko ya saruji na rangi, twende tukaupendezeshe mnara. Kamati ilikataa. Kwanza, mnara si mali yetu. Pili, majengo ya mawe ya zama zile Unguja yanataka chokaa. Chokaa inapumua, unyevu ulioingia ukutani unapata pa kutokea. Ukiipiga saruji juu yake, unyevu na chumvi vinabaki ndani, jiwe linaoza kimyakimya, na baada ya miaka plasta inabanduka vipande vizima pamoja na ngozi ya ukuta. Nendeni Mji Mkongwe mkatazame kuta zilizotengenezwa kwa haraka. Niliambiwa mimi ni mkaidi, na katika hili nakubali.

Basi mzee wangu, jibu langu ni hili. Kama kila mwenye ada angeupanda mnara kila alipotaka, na boti zikatia nanga zinapotaka, tusingekuwa na la kulizungumza hapa isipokuwa ukarabati. Mimi mwenyewe sijaupanda mwaka huu. Goti halikunipa ruhusa. Ada yako imekwenda kwenye kazi ya huku mjini. Tumeanza kurekodi sauti za wazee waliopita karibu na taa ile usiku, wavuvi na mabaharia, na kukusanya picha za majumbani. Picha hatuzichukui, tunazipiga nakala palepale na mwenyewe anabaki na yake.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Safari ijayo itapangwa na katibu, jedwali la maji likiwa mezani. Waliorudishwa Mbweni ndio wa mwanzo kwenye orodha. Kila mtu aje na viatu vya kuingilia majini, mimi nikiwemo.

Mwenyekiti