Anayesafiri kwa gurudumu moja kuchangisha fedha asifanywe kituko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ya barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu namna magazeti yanavyoandika habari za watu wanaosafiri masafa marefu kwa baiskeli ya gurudumu moja kwa ajili ya kuchangisha fedha za kuwasaidia wenye shida. Mara nyingi habari hizo huwekwa kwenye kona ya vituko vya dunia: picha moja kubwa ya mtu aliyekaa juu ya gurudumu, maelezo ya mistari mitatu, basi. Msomaji hufunga gazeti akiwa amestaajabu, lakini hajui mtu huyo alikuwa akichangia nini, fedha zinapitia wapi, wala ni kazi gani hasa anayoifanya huko barabarani. Kwa maoni yangu, mtu wa namna hii anastahili kupewa uzito, na kumpa uzito maana yake ni kuieleza kazi yake kama ilivyo na, wakati huohuo, kumwuliza hesabu.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu ndiyo isiyofahamika. Baiskeli ya gurudumu moja inayotumika kwa safari ndefu ni tofauti na ile ndogo ya sarakasi. Gurudumu lake kwa kawaida huwa na kipenyo cha inchi 36, yaani sentimita 91 hivi, kwa hiyo likisimamishwa kando ya mtu mzima humfikia karibu na kiuno. Haina mnyororo, na zilizo nyingi hazina gia. Pedali zimefungwa moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu, hivyo miguu ikizunguka mara moja gurudumu nalo huzunguka mara moja, na msafiri husogea mbele kwa mita 2.9 hivi. Ukipiga hesabu ya kilomita 100 utapata mizunguko karibu 35,000 ya miguu, na hakuna hata mmoja unaopatikana bure. Mwendesha baiskeli ya kawaida akifika kwenye mteremko huacha kukanyaga, akapumzika huku baiskeli ikijiendea. Huyu wa gurudumu moja hana nafasi hiyo, kwa kuwa pedali haziachi kugeuka maadamu gurudumu linageuka. Mlimani anakanyaga ili apande na mteremkoni anakanyaga ili azuie, na magoti ndiyo yanayolipa. Hata wale waliofunga breki ya mkono huitumia kwa tahadhari kubwa, maana kuibana ghafla ni kujirusha mbele kifudifudi.

Kupanda kwenyewe ni shughuli ambayo picha haiwezi kuionyesha. Msafiri husimama nyuma ya gurudumu, tandiko likiwa katikati ya mapaja, mguu mmoja juu ya pedali na mkono mmoja umeshika kishikio kilicho mbele ya tandiko. Kisha hujiinua juu na mbele kwa mara moja, na mguu wa pili sharti uikute pedali yake kabla gurudumu halijapoteza mwendo. Ukiikosa, anaruka chini, anarudisha baiskeli mahali pake na kuanza upya. Sasa mwongezee mzigo wa hema, nguo, vipuri na maji, mwongezee upepo wa mbele na uchovu wa alasiri, halafu fikiria kwamba kila taa nyekundu na kila pancha humlazimisha kushuka na kurudia hayo yote. Akiwa juu, sehemu kubwa ya uzito wa mwili wake hukaa kwenye tandiko, kwa sababu hana usukani wa kuegemea kama wa baiskeli ya kawaida, na baada ya muda si mrefu mapaja hufa ganzi, hivyo hushuka hata pale ambapo miguu bado ina nguvu. Lori kubwa likimpita kwa kasi, upepo wake humsukuma pembeni kwanza, kisha humwachia ghafla, na katika sekunde hizo mbili anaweza kuyumba kuelekea katikati ya barabara. Madereva wanaosoma gazeti hili nawaomba wampe nafasi ya kutosha, maana hakuna mwendesha gurudumu moja anayeweza kuahidi kwamba atakwenda katika mstari ulionyooka.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu wapo wanaouliza, tena kwa nia njema, kwa nini mtu huyo asichukue fedha za vipuri, chakula na malazi ya njiani akazitoa moja kwa moja kwa wahitaji, akabaki nyumbani kwake. Swali hilo lingekuwa na uzito kama fedha zinazochangwa zingekuwa zake mwenyewe. Lakini anayesafiri hatoi mfukoni mwake tu. Anaomba kwa niaba ya watu ambao hawana njia ya kuzifikia nyumba za watoaji, na anaomba akiwa ametanguliza jasho lake mbele ya macho ya anayeombwa. Mtu akiona mwenzake amekubali kuumia miezi kadhaa kwa ajili ya watoto asiowajua, huona haya kukataa kutoa kidogo alichonacho. Sioni ubaya wowote katika haya ya namna hiyo.

Gurudumu moja lina faida nyingine ambayo mbili hazina. Mwendesha baiskeli ya kawaida akipita, watu humtazama na kuendelea na shughuli zao. Wa gurudumu moja akipita, dereva hupunguza mwendo, watoto hukimbia kando yake, na mtu mzima ambaye hajawahi kumsimamisha mgeni yeyote barabarani humwita aje wazungumze. Swali la kwanza ni lilelile popote duniani: gurudumu la pili limekwenda wapi? La pili ni kwa nini anafanya hivyo, na hilo la pili ndilo linalofungua mlango wa mchango. Kwa mwendo wake wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa, huenda polepole kiasi cha kutosha watu kumfikia, na hawezi kupita kijiji bila kuonekana. Kwa hiyo yule anayesema kwamba safari hiyo ingefanyika kwa haraka na kwa urahisi zaidi kwa chombo kingine anasema kweli, ila ule ugumu na ule mwendo wa taratibu ndivyo vinavyoleta mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yanayoleta fedha.

Hapa ndipo ninapoona magazeti yanachanganya mambo mawili, safari ya rekodi na safari ya hisani. Mwaka 1985 Hanspeter Beck aliendesha baiskeli ya gurudumu moja huko Australia kutoka Port Hedland hadi Melbourne, zaidi ya kilomita 6,200, kwa muda usiotimia siku 52. Huo ni wastani wa kilomita 120 kwa siku, mwendo wa mtu anayeshindana na saa, na anastahili heshima yake. Safari ya kuchangisha haipimwi hivyo. Ed Pratt, kijana wa Uingereza kutoka Somerset, aliondoka kwao mwezi Machi 2015 akiwa na umri wa miaka 19, akarejea Julai 2018 baada ya kuizunguka dunia kwa gurudumu la inchi 36, umbali wa kilomita zipatazo 33,800, akiwa amebeba mzigo wake mwenyewe bila gari la kumfuata. Ukimpima kwa saa utasema alichelewa sana. Lakini alichangisha zaidi ya pauni 300,000 kwa shirika la School in a Bag, ambalo huwapelekea watoto maskini, yatima na walioathiriwa na maafa mabegi ya mgongoni yenye daftari, kalamu na vifaa vingine vya kujifunzia. Miaka ile mitatu na zaidi ilimpa nafasi ya kukutana na watu wengi na kuwaonyesha kwa video alizokuwa akizirekodi njiani, na hapana shaka wengi waliotoa walitoa kwa sababu walikuwa wamemfuatilia muda mrefu kiasi cha kumwona kama mtu wao.

Kabla yake, mwaka 2002, Lars Clausen, mchungaji wa Kilutheri wa Marekani, aliendesha gurudumu moja katika majimbo yote 50 ya nchi hiyo, zaidi ya kilomita 14,000, ili kuchangia Wainupiat, wenyeji wa asili wa Rasi ya Seward huko Alaska. Katika safari zote mbili mtoaji aliweza kujua fedha zake zinakwenda wapi: kwa Clausen, jamii yenye jina na mahali pake, kwa Pratt, begi lenye vitu vinavyoweza kutajwa kimoja kimoja. Mtu anayesema anasafiri "kusaidia jamii", akaishia hapo, hata akivuka mabara matatu, ameniomba nimwamini kuliko inavyofaa. Nisingemnyima pole wala maji ya kunywa, lakini mchango ningeuzuia mpaka aniambie jamii ipi na kwa kitu gani.

Hilo linanifikisha kwenye hesabu. Safari ya namna hii ina mifuko miwili, mfuko wa msafiri na mfuko wa wahitaji, na heshima yote ya safari inategemea kutokuichanganya. Matairi, tyubu, nauli ya kuvuka bahari, viza, matibabu ya goti lililovimba, vyote hivyo ni gharama halali, na si aibu kwa msafiri kuwaomba watu wamsaidie kuzilipa, mradi aseme waziwazi kabla hajaondoka kwamba mchango huu ni wa safari na ule ni wa wahitaji. Kilicho salama zaidi ni mchango wa wahitaji kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika husika bila kupitia mikononi mwake, na shirika lenyewe liwe limekiri kwa maandishi kwamba linamtambua. Fedha taslimu anazopewa njiani na watu wa huruma ziandikwe kwenye daftari siku hiyohiyo. Tovuti nyingi za kuchangisha zina makato yake, na mtoaji ana haki ya kuyajua kabla hajatuma. Mimi nampenda na kumheshimu mtu anayejitesa kwa ajili ya wengine, na kwa sababu hiyohiyo siwezi kumtetea anayechanganya mifuko hiyo miwili.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watoaji wenyewe hatulifikirii sana. Ahadi ya kutoa kiasi fulani kwa kila kilomita inavutia, kwa kuwa inaufanya mchango ukue kadiri gurudumu linavyosogea. Lakini inamweka msafiri mahali pabaya. Goti likianza kuuma akiwa amebakiza theluthi ya njia, anajua kwamba kila kilomita asiyoiendesha ni fedha inayopotea kwa watoto au wagonjwa anaowachangia, na mtu mwenye moyo wa kuanza safari kama hiyo ndiye hasa atakayeendelea kukanyaga mpaka ajiumize vibaya. Ningependa watu waahidi kiasi kamili, kisichotegemea umbali, na wakitoe hata kama msafiri atalazimika kusimama kabla ya mwisho. Aliyeendesha nusu ya njia kwa uaminifu ametimiza alichowaombea wenzake, na wahitaji hawana kosa kwa goti lake kuumia.

Nimeona pia kwamba waandishi humkumbuka msafiri mara mbili tu, siku anapoondoka na siku anapofika. Katikati, ambako kuna mvua, upweke na barabara zisizo na mtu, hakuna anayemwandika, na huko ndiko mchango hupungua ilhali gharama zake zinaendelea. Aya moja fupi kila baada ya wiki mbili, ikieleza amefika wapi, ana hali gani na mfuko wa wahitaji umefikia kiasi gani, ingemsaidia kuliko ukurasa mzima wenye picha za rangi siku ya kupokelewa.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, safari nyingine ya aina hii itakapotangazwa, naomba gazeti lako lichapishe pamoja na picha jina la shirika linalochangiwa na njia rasmi ya kulifikia, na mwandishi amwulize msafiri, kabla hajapanda, nani anailipia safari yake. Kisha miezi michache baada ya shamrashamra za kumpokea kumalizika, mwandishi huyohuyo aende kwenye ofisi ya shirika hilo, aulize ni fedha kiasi gani zilizopokelewa na zimenunua nini, na jibu atakalolipata lichapishwe mahali palepale ilipokuwa picha ya msafiri akifika.

Wako mtiifu,
Msomaji wa gazeti lako