Barua ya wazi kwa vijana mlioandika kanuni kumi za binadamu

Wanangu,

Kanuni zenu kumi nimezipata. Nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu ya risasi mkononi. Mliniuliza kama mambo haya yanawezekana, au ni ndoto tu. Mmoja wenu akaongeza kwa mwandiko mdogo pembeni ya ukurasa kwamba wazee kazi yetu ni kuvunja moyo. Nimeliona hilo pia.

Sikuja kuwavunja moyo, ila sitawasifu bure. Kanuni yenu ya kwanza inasema binadamu wote waheshimiane. Nani atakataa? Hata mwizi ataipigia makofi. Kanuni ambayo haijapata mpinzani hata mmoja, mara nyingi haijafika kwenye mfuko wa mtu.

Nilipokuwa na umri wenu nilikuwa katibu wa chama cha kuweka na kukopa. Katiba yetu ilianza na neno UAMINIFU, tena kwa herufi kubwa, na kila kikao tulikisoma kifungu kile tumesimama. Sanduku la fedha lilikuwa na kufuli moja. Ufunguo alikaa nao mweka hazina, mtu wa watu, mcheshi, anayejua majina ya watoto wetu wote. Siku ya mgao wa mwaka wa pili tukafungua sanduku tukakuta vikaratasi: nitarudisha, nitarudisha, nitarudisha. Vitatu kati ya hivyo vilikuwa na saini yangu kama shahidi. Aliniambia ana mgonjwa, nikaona haya kumkatalia.

Baada ya aibu ile hatukubadilisha hata neno moja la katiba. Tulinunua makufuli mawili zaidi, funguo tukawagawia watu watatu wasiokaa nyumba moja, na hesabu ikawa inasomwa kwa sauti mbele ya wote. Chama kikadumu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na waliosema hivyo hawakuwa wakiwatukana waaminifu.

Dunia nayo imepitia sanduku lilelile. Tarehe 27 Agosti 1928, mjini Paris, nchi 15 zilitia saini mkataba wa kuachana na vita. Ujerumani ilikuwepo, Italia ilikuwepo, Japani ilikuwepo. Hapakuandikwa popote nani atafanya nini siku mmoja wao atakapovunja neno. Mwaka 1931 Japani ikaingia Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, 1935 Italia ikaivamia Ethiopia, na ya 1939, Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, mnayajua. Watu waliucheka mkataba ule, na wengine wanaucheka hadi leo. Mimi nimeacha kuucheka, kwa sababu vita vilipokwisha, waendesha mashtaka wa mahakama ya Nuremberg, Ujerumani, waliutoa kabatini na kuwaambia viongozi wa Kinazi kwamba nchi yao ilikuwa imeahidi. Kwa hiyo maneno yale hayakuwa bure kabisa. Lakini yalipata kazi wakati mamilioni walikuwa wameshazikwa.

Sasa linganisheni na habari ya ozoni. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba tabaka la ozoni, lile linalotukinga na mionzi mikali ya jua, linatoboka juu ya Antaktika. Chanzo kilikuwa gesi zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia. Miaka miwili baadaye ikatiwa saini Itifaki ya Montreal, mkataba wa kuzipunguza gesi hizo. Wangeweza kuandika kama mlivyoandika kanuni ya nne, kwamba tuitunze dunia kwa ajili ya vizazi vijavyo, wakapeana mikono na kwenda zao. Badala yake waliorodhesha gesi kwa majina, kiasi cha kupunguza na mwaka wa kupunguza. Nchi maskini zilipewa miaka kumi ya ziada, kisha ukaundwa mfuko wa kuzisaidia kubadili mitambo. Aliyekataa kujiunga alifungiwa biashara ya gesi hizo na waliojiunga. Leo hakuna mwanachama wa Umoja wa Mataifa aliyebaki nje. Na mwaka 2018, vipimo vya hewa vilipoonyesha kwamba kuna mtu anatengeneza tena gesi iliyopigwa marufuku, nyayo zilifuatwa hadi mashariki mwa China, na kiwango kikashuka tena. Hayo ndiyo makufuli matatu ninayoyasema.

Msidhani nadharau maneno. Azimio la haki za binadamu la Umoja wa Mataifa lilipokuwa likiandikwa, rasimu ya Kiingereza ilisema “all men” huzaliwa huru, maneno yanayoweza kusomeka watu wote au wanaume wote. Hansa Mehta, mjumbe wa India, akashikilia iandikwe binadamu wote. (Kwa Kiswahili ugomvi huo usingekuwepo, mtu ni mtu.) Tarehe 10 Desemba 1948 nchi 48 zilikubali, 8 zikajizuia kupiga kura, hakuna iliyopinga. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilijizuia, na naona iliyaelewa yale maneno kuliko baadhi ya waliosema ndiyo huku wakitawala makoloni. Hao baadaye waliyasikia maneno yao wenyewe midomoni mwa watu waliodai uhuru. Mikataba miwili ya kuyafanya sheria ilipitishwa 1966, ikaanza kufanya kazi 1976. Miaka 28. Mnayo subira hiyo?

Jambo jingine limenisumbua kuliko yote: hamkusema mliwauliza akina nani. Mwaka 1980, katika jimbo la Georgia huko Marekani, mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia alisimamisha mawe makubwa ya matale yenye kanuni kumi za wanadamu, kwa lugha nane, Kiswahili kikiwemo. Ya kwanza ilitaka watu duniani wasizidi milioni 500. Wakati huo tulishapita bilioni 4. Nani aondoke, hakusema. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwaka 2022 sehemu ya mawe yale ililipuliwa kwa bomu, kitendo nisichokisifu, na yaliyobaki yakabomolewa, lakini hata yaliposimama sikusikia mahali yalipofuatwa.

Basi turudi kwenye karatasi yenu. Kanuni ya sita, mateso yakome, ibakini nayo, ila tazameni mkataba wa nyongeza wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso, wa mwaka 2002: kwa nchi zilizouridhia, wakaguzi huingia mahali watu wanaposhikiliwa na kuzungumza nao faraghani. Mlango kufunguliwa, mtu kuulizwa bila askari kusikiliza. Kitu cha namna hiyo ndicho kinachokosekana kwenye yenu. Ya tisa, viongozi wawe waadilifu, nimeikata. Mkitaka irudi, semeni mali zao zitaandikwa wapi na nani ataruhusiwa kusoma. Ya pili na ya tano ni moja, zimevaa nguo tofauti. Ya kumi, upendo, iacheni kama ilivyo. Hiyo haina kufuli na haihitaji.

Andikeni upya, na safari hii muache nafasi pana upande wa kulia wa kila kanuni: nani, lini, na asipofanya je? Mkikuta mahali hamwezi kujaza, msijaze kwa maneno mazuri, acheni wazi tuone pengo. Mniletee kabla hamjasambaza. Na yule aliyeandika pembeni kuhusu wazee, ndiye aje nayo.

Mzee wenu