Ukurasa wa Köln, na yale mabati

Mama,

Shikamoo. Huku mimi mzima, baridi imeshaingia, kazi ipo. Ujumbe wa mwanao Deo kuhusu mabati ya nyumba yako nimeupata. Namjibu humu humu ili na wewe usikie, maana najua yeye ndiye anayekusomea.

Kwanza kilichomo kwenye bahasha. Ni ukurasa wa lile daftari la kumbukumbu ninalokutengenezea, huu ni wa Kanisa Kuu la Köln, Ujerumani. Minara yake ina mita 157, ikagoma kuingia kwenye picha moja. Nikasafisha mbili, nikazibandika moja juu ya nyingine kwenye manila. Kiungo kilionekana vibaya, nikakifunika na kipande cha kile kitenge changu cha bluu. (Ndiyo, nimekikata. Usianze.) Huo weusi wa mawe si kosa la picha, ni moshi na mvua za miaka na miaka. Tiketi iliyo pembeni ni ya kupanda mnara wa kusini. Ngazi 533, Mama, nyembamba, za kuzunguka, mnapishana na wanaoshuka kwa ubavu. Vijana wa hapa walikuwa wamekaa wanahema. Mimi nilipanda moja kwa moja. Mtu aliyekua Kibosho akipandisha majani ya ng'ombe atishwe na ngazi? Mwambie na Shangazi, aliyesema nimenenepa.

Sanduku la njano nililolichora chini ni la dhahabu, liko nyuma ya altare. Wanaamini ndimo yalimo masalia ya Mamajusi, yaliyoletwa kutoka Milano mwaka 1164. Niliwasha mshumaa, nikamwombea Baba. Kinanda kilipoanza nikaitamani kwaya yetu ya misa ya pili, hata wale akina mama wa sauti ya kwanza wanaopigiana kelele.

Sasa, hicho kidude cha penseli juu ya mnara ni winchi ya mbao. Kanisa walianza kulijenga mwaka 1248. Karne ya 16 hela zikakata, mafundi wakaondoka, winchi ikabaki mpaka 1868 juu ya mnara ambao haujaisha. Walimaliza 1880. Najua Deo hapa anacheka, anajiandaa kukwambia hata Wazungu walichukua miaka 632. Soma polepole, Deo: wao hawakuwa wametumiwa hela ya mabati kabla ya Pasaka.

Nyumba ya mama yetu imesimama kwenye linta na nguzo zinaota majani. Na ile pikipiki kwenye picha zako ni ya nani? Halafu unawaambia watu nina hela ya kutalii lakini ya kuezeka sina. Kupanda mnara ni bei ya chakula cha mchana, na siku hiyo sikula.

Kwa hiyo Mama, hela ya ujenzi haipiti tena mkononi mwake. Fundi anipigie mwenyewe, aseme geji na idadi, nami nitalipa dukani, mabati yaletwe yakiwa na risiti yenye jina lako. Ukurasa usimpe Shangazi, ataubandika kwenye friji lake aseme ni wake.

Hela ya dawa nimekutumia kwenye namba yako. Dada ndiye akutolee kwa wakala.

Mwanao