Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu, Kaunti ya Nakuru: Tufungulie Stoo, Watoto Wasome Ramani

Kwako Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa gredi ya 7 hapa Nakuru, na somo langu ni Maarifa ya Jamii. Naandika hadharani kwa sababu jambo hili, la vifaa vya kufundishia vilivyofungiwa stoo na ramani zisizofika darasani, si la darasa langu pekee.

Mwaka jana tulipanga ziara ya Ziwa Bogoria. Wazazi walichanga walivyoweza. Asubuhi ya safari basi liliondoka na waliolipa, nami nikabaki darasani na 31 waliokosa. Mvulana mmoja alisimama dirishani hadi basi likapinda kona, kisha akarudi kuketi, akafungua daftari bila kuambiwa. Sikuwa nimewaandalia chochote. Tangu siku hiyo natafuta safari ambayo haimwachi mtoto nyuma.

Nilichopata ni ziara ya kidijitali. Niliazima projekta, nikaziba madirisha kwa magunia, nikatundika shuka jeupe ukutani. Jioni ya kuamkia somo nilikaa saiba mjini na kipakatalishi changu, nikapitia kwenye Google Earth, programu inayoonyesha picha za dunia kutoka angani, kila mahali tutakapopita. Programu ile ikiwa kwenye kompyuta huhifadhi picha ulizokwisha kuzifungua, na hilo ndilo lililoniokoa, kwa kuwa intaneti ya shuleni si ya kutegemewa.

Somo la kwanza halikwenda vizuri. Tulianzia juu ya paa la shule yetu, watoto wakapiga kelele za furaha, tukapanda hadi Menengai, lile shimo kubwa la volkeno lililo jirani na mji wetu. Nikauliza wanaona nini. "Mlima, Mwalimu!" Darasa zima. Ukitazama picha ya kutoka angani, na kivuli kikawa upande ambao jicho halikutarajia, shimo huonekana kama kilima. Watoto hawa huona ukingo wa Menengai kila asubuhi wakija shuleni, lakini wengi wao hawajawahi kusimama pale juu wakachungulia ndani. Picha iliwadanganya, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliwapa picha tupu.

Wiki iliyofuata nilirudi na karatasi. Zilikuwa nakala za ramani ya topografia, yaani inayoonyesha miinuko na mabonde, ya skeli ya 1:50,000 (sentimita moja kwenye karatasi ni nusu kilomita ardhini), nilizoziunganisha kwa selotepu, moja kwa watoto wanne. (Mwenye fotokopi nilimsihi sana asipunguze ukubwa. Karatasi ikipungua, ile namba ya skeli inakuwa ya uongo. Mstari wa skeli ndio pekee unaopungua pamoja nayo. Nimeona walimu wazuri wakikwama hapo.) Kabla ya kuwasha projekta niliwaambia wafuate kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, kwa kidole na wasome namba zake.

Msichana mmoja wa kiti cha mbele, ambaye kwa kawaida hasemi, alikunja uso, kidole chake kikienda polepole kutoka nje kuelekea katikati. Namba zikapanda hadi ukingoni, halafu zikaanza kushuka. Akarudia kutoka mwanzo. "Mwalimu, huku ndani ni chini." Kisha akamwonyesha jirani yake mahali mistari ilipobanana kama nywele zilizosukwa, ambako ukuta wa kaldera, yaani hilo shimo la volkeno, unaporomoka. Tukapima shimo kwa uzi na rula, ukingo hadi ukingo, tukapata karibu sentimita 24, yaani kama kilomita 12 ardhini. Ndipo nikawasha projekta, tukainamisha picha, tukashuka ndani kwa ubavu. Hakuna aliyesema mlima tena.

Tangu hapo sianzi na skrini. Mtoto husoma ramani kwanza, hutabiri atakachokiona, huandika utabiri wake, kisha tunakwenda kuhakikisha. Mtoto anayetazama tu picha zikipita anaburudika kwa dakika 40, na kesho yake hawezi kukwambia kaskazini ni wapi.

Safari iliyonigusa zaidi ilikuwa ya upande wa Kisumu. Kwenye karatasi watoto waliona kontua zimesongamana kwenye mteremko wa Nandi, na zilipofika Uwanda wa Kano zikaachana mno, nafasi tupu juu ya nafasi tupu, hadi ziwani. Niliwauliza mvua kubwa ikinyesha kule milimani maji yatafanya nini yakifika hapa. Mmoja ana nyanya yake Ahero, naye alijibu kabla hajainua mkono: "Yatakaa. Hayana pa kwenda." Amekuwa akisikia habari za mafuriko ya Mto Nyando tangu akiwa mdogo, na siku hiyo aliona sababu yake kwa nafasi iliyopo kati ya mistari miwili. Tulipofungua picha, mto ulikuwa na rangi ya udongo hadi unapoingia Ghuba ya Winam. Hapo nikanyamaza, wakaanza kuulizana wenyewe udongo ule umetoka shamba la nani.

Ziwa letu wenyewe pia tumelitembelea kwa njia hii. Tangu mwaka 2021 Google Earth ina sehemu inayoonyesha picha za mahali zikibadilika mwaka hadi mwaka kuanzia 1984, nami niliirekodi mapema kwa simu. Ziwa Nakuru lilipoanza kutanuka na kula msitu, darasa lilikuwa kimya. Baadhi yao wanatoka Mwariki, mtaa ulio kando ya ziwa. Hawakuhitaji maelezo.

Mkurugenzi, mimi niliigusa ramani ya 1:50,000 kwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha tatu, ilhali ndiyo inayoletwa kwenye KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Nilikuwa nimechelewa, na nilihangaika nayo sana. Watoto wa miaka 12 wanaiweza. Nimeona kwa macho yangu.

Sasa ombi langu. Shule za msingi za umma zilipoanza kupewa vishikwambi mwaka 2016, havikuja peke yake. Vilikuja na vifaa vya mwalimu na projekta. Katika shule niliyofundisha awali vifaa hivyo vilikuwa stoo, kwenye masanduku yake, na walimu wenzangu wa shule nyingine wananiambia hadithi ileile. Siwalaumu wakuu wa shule. Mkuu anaogopa kwamba kioo kikipasuka mikononi mwa mtoto, atalipa yeye. Betri nyingi zimechoka pia, najua, lakini projekta haihitaji betri, na kwa safari hizi kifaa kimoja kinatosha darasa zima.

Kwa hiyo naomba waraka unaosema kwamba kifaa kikiharibika wakati kinatumika kufundishia, mkuu wa shule hataadhibiwa. Naomba pia kila shule iagiziwe ramani zake kutoka Survey of Kenya, idara ya serikali inayochora ramani: karatasi inayoonyesha shule yenyewe, na nyingine moja ya mahali pasipofanana na hapa, kama Kano. Na walimu tupewe Jumamosi moja kwa kila zoni tufundishane. Mimi nitakuja bila kudai posho.

Tafadhali, lolote katika haya lisitumiwe kufuta ziara za miguu na za basi. Harufu ya magadi ufukweni haimo kwenye skrini, na mtoto wa Nakuru anastahili kusimama ukingoni mwa Menengai, kwenye kimo cha mita 2,278, upepo ukimpiga usoni. Ninachotaka ni kwamba siku atakayofika pale awe na ramani mkononi na ajue kuisoma, na kwamba yule asiyekuwa na nauli asibaki dirishani.

Mkuu wangu wa sasa amenisikiliza na yuko tayari. Ufunguo wa stoo uko kwenye droo yake. Anachosubiri ni karatasi moja yenye muhuri wako.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Maarifa ya Jamii, gredi ya 7
Nakuru