Meno ya foklifti, tafadhali, kabla ya parachichi

Njombe, 12 Aprili

Ndugu yangu Kisa,

Kamwene! Najua, najua. Tangu tulipomzika baba yake Sanga sijakuandikia hata mstari mmoja, na elfu hamsini yako bado ninayo. Leo usinidai, nina shida. Huku wazima wote, mvua imegoma kukata, na Mama Neema anakusalimu na kuuliza utaoa lini.

Sasa sikiliza. Ile trekta yangu ya Massey yenye mikono ya kunyanyulia mbele unaikumbuka. Kijiko chake kinazoa samadi vizuri, lakini kreti za parachichi hakizibebi. Mwaka jana vijana walizibeba begani kutoka bondeni hadi barabarani, na kila waliyemwona anapita walisimama kumsalimia. Nikasema basi, nitengeneze meno kama ya foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, nipange kreti 30 juu ya paleti, ninyanyue mara moja. Kreti moja ina kilo 20 hivi, jumla kilo 600. Hesabu rahisi, sivyo?

Nikaenda kwa fundi mmoja hapa mjini, bingwa wa mageti. Na kweli akanitengenezea geti. Alichukua bomba za pembe nne, akakata, akachomelea kona, akapaka rangi nyeusi na ncha za dhahabu. Ningemwachia siku moja zaidi angeweka na maua. Nilipobeba paleti ya kwanza nilijiona bandarini. Ya pili, gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo, mzigo wote ukalalia jino moja, na mshono wa kisiginoni, pale jino linapokunja kona, ukafunguka kama zipu. Kreti zikaviringika hadi mtoni. Lakini kilichonitoa jasho si kreti. Sekunde chache kabla ya hapo, gurudumu la nyuma lilikuwa limenyanyuka shibiri nzima, nami nimo juu. Hilo Mama Neema hajui, usimwambie.

Sanga alinicheka, kisha akanieleza. Uwezo ulioandikwa kwenye mikono ni wa pale kwenye pini, mwishoni mwa mikono. Paleti yenye urefu wa mita 1.2, uzito wake unakaa sentimita 60 mbele ya mgongo wa meno, ile sehemu iliyosimama wima. Ni sawa na kubeba ndoo ya maji: ukiikumbatia unatembea, ukinyoosha mikono unatetemeka. Kwa hiyo tumejaza zege kwenye pipa la lita 200 na kulifunga nyuma kwenye mikono ya jembe. Halipungui kilo 450, na sasa trekta inakaa chini kama mama mkwe aliyefika kula sikukuu.

Yamebaki meno. Hapo ndipo nakuhitaji wewe uliye karibu na Gerezani, huko Dar. Fremu Sanga ataichomelea mwenyewe. Meno amekataa. Anasema ya foklifti halisi ni chuma kimoja kilichokunjwa kwa moto kisha kikakomazwa. Kisiginoni hakuna mshono hata mmoja, na ndiyo maana yanahimili. Ukiyachomelea au kuyatoboa umeshayaharibu. Kwa hiyo akitokea mtu wa kukwambia “tutakuongezea kipande, bosi”, mpe mkono uondoke.

Tafuta yale ya kuning'iniza kwa kulabu, juu na chini. Fremu yake, kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, huwa milimita 407. Yale makubwa zaidi ni 508, hayo sitaki. Urefu wa jino uwe kama mita 1.15. Halafu, na hapa nakuomba usione uvivu, nenda na kipimo. Pima unene wa mgongo, sehemu ambayo hailiki, kisha pima kisiginoni. Kama mgongo ni milimita 40 na kisigino kimebaki 36, achana nayo hata wakikupunguzia bei: kasoro hiyo ya sehemu moja ya kumi tu inaondoa karibu sehemu moja ya tano ya nguvu. Na rangi mpya isikudanganye. Ikwangue kisiginoni, paka mafuta ya taa, futa yakauke, paka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatachora mstari kwenye chaki. Nilimwona Sanga akifanya hivyo kwenye springi ya lori nikadhani ni uganga.

Nimetenga laki saba. Ikizidi kidogo niambie kwanza, nitauza mbuzi. Ile elfu hamsini tuihesabu humo humo, au nimezidi?

Jino moja linakaribia kilo 50, kwa hiyo basi la abiria hapana. Yule dereva wa lori la mbao bado anapandisha huku? Namba yake ni ile ile? Anaweza kushusha Makambako nikamfuata? Utapata nafasi Jumamosi hii au bado unashinda kazini hadi usiku? Na mguu wako je, umepona, au ndiyo yale ya kujitibu kwa tangawizi? Ukifika dukani nipigie ukiwa umesimama mbele ya meno yenyewe, usinunue kabla sijasikia vipimo.

Nasubiri simu. Mashimo yote njiani nimeshayafukia isipokuwa moja. Vijana wanasema hilo ni la kumbukumbu.

Wako,
Mgaya