Ras Alula naye atajwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonisikitisha kila ifikapo Machi, tunapoukumbuka ushindi wa Waethiopia dhidi ya Waitalia huko Adwa, tarehe 1 Machi 1896. Mfalme Menelik na Malkia Taytu huandikwa sana, nao wanastahili; lakini Ras Alula Engida, jemadari aliyeanza kupambana na wavamizi kutoka Bahari ya Shamu miaka 20 kabla ya siku hiyo, ni nadra kutajwa hata kwa jina.

Alula alikuwa mtoto wa mkulima wa Tembien, katika Tigray, na alipanda cheo kwa utumishi wake kwa Mfalme Yohannes wa Nne, wakati ambapo madaraka makubwa yalikuwa ya watu wa nasaba. Wamisri waliposhindwa Gundet mwaka 1875 na Gura mwaka 1876, alikabidhiwa nchi ya ng'ambo ya mto Mereb, akaja kuifanya Asmara makao yake, na mfalme akawa anamtegemea kwa ushauri katika mambo yote ya kaskazini.

Kinachonigusa zaidi ni habari ya mkataba wa Juni 1884. Uingereza iliahidi kwamba bidhaa za Ethiopia, silaha zikiwemo, zitapita bandari ya Massawa bila kizuizi. Yohannes naye akaahidi kuwasaidia askari wa Misri, waliokuwa wamezingirwa na wafuasi wa Mahdi wa Sudan, kuondoka salama. Kazi hiyo ilimwangukia Alula, naye akaifanya, hata akapigana vita vikali Kufit mnamo Septemba 1885, vilivyompotezea watu wengi. Lakini tangu Februari ya mwaka huohuo Waitalia walikuwa wamekwisha kuteremka Massawa, kwa ridhaa ya Waingereza walewale, na kuanza kusogea bara. Asiyeijua khiyana hiyo hawezi kuelewa kwa nini tarehe 26 Januari 1887, pale Dogali, Alula alikishambulia na kukiangamiza kikosi cha Waitalia wapatao 500. Mjini Roma, uwanja ulio mbele ya kituo kikuu cha reli unaitwa hadi leo Uwanja wa Mia Tano kwa kumbukumbu ya askari hao.

Sisemi kwamba hakuwa na doa. Misafara yake dhidi ya Wakunama na Wanara ilikuwa ya kikatili, na watu hao wana haki ya kulikumbuka jina lake kwa uchungu. Yohannes alipouawa Metemma mwaka 1889, Alula alibaki na Ras Mengesha, mwana wa marehemu, akakataa kwa miaka kadhaa kumtambua Menelik. Hata hivyo walipatana mwaka 1894, na Adwa alikuwepo na jeshi lake. Mwaka uliofuata alikufa kwa jeraha alilolipata akipigana na mkuu mwenzake wa Tigray, akazikwa katika monasteri ya Abba Garima, karibu na uwanja ule wa vita.

Machi ijayo, Ndugu Mhariri, naomba Gundet, Kufit na Dogali ziandikwe pamoja na Adwa, kwani wanafunzi wetu wanaijua Adwa kama vita vya asubuhi moja tu.

Msomaji wako,
Tanga